Kadi ya Bi Mashuka

Benchi la kijiwe cha mtaa limeegemea ukuta wa saluni ya kunyolea, na mguu wake mmoja umefungwa waya, kwa hiyo anayekaa upande huo hubishana kwa uangalifu. Kichwani mwa benchi kuna jiko la makaa na birika la Shemeji, muuza kahawa, ambaye mtaa mzima humwita hivyo bila mtu kukumbuka ameolewa na kaka wa nani. Katikati hukaa Wakili, muuza makava ya simu, aliyewahi kuingia mahakamani siku moja tu, na siku hiyo alikuwa anakwepa mvua. Ubavuni pake yupo Redio, fundi wa redio na runinga, ambaye akishawaka hana swichi ya kuzimia. Kinyozi mwenyewe husimama mlangoni, mguu mmoja ndani kwa mteja, mguu mmoja nje kwenye maneno. Na mwisho wa benchi, pale ukuta unapopata joto la jua la kwanza, ni pa Bi Mashuka. Hapakaliwi na mwingine hata akichelewa. Bi Mashuka alimaliza ujana wake na utu uzima wake katika chumba cha kufulia cha hospitali kuu, akifua na kupiga pasi, mpaka akastaafu, na mtu akianza kujidai pale kijiweni yeye humwambia:

— Tulia. Wote nyie mlizaliwa juu ya mashuka yangu, na aliyeyachafua zaidi namjua.

Kinyozi ndiye aliyeanza kuingiwa na wasiwasi juu ya bibi. Si kwamba wengine hawakuona. Waliona, ila walikuwa na maelezo.

— Tumbo langu siku hizi halitaki kahawa, — alisema Bi Mashuka, akaweka kiganja juu ya kikombe kabla Shemeji hajamimina.

— Tumbo halitaki au daktari hataki? — Redio akauliza.

— Tumbo.

— Maana madaktari wa siku hizi wanakatazakataza tu. Kuna mmoja amemkataza jirani yangu kulala chali.

— Tumbo langu halina daktari, mwanangu. Lina mimi tu.

Wakacheka. Kinyozi hakucheka. Alikuwa amemwona akivuta pumzi juu ya mvuke wa kikombe cha Wakili, taratibu, macho kayafumba, kama mtu anayesikiliza wimbo unaopigwa nyumba ya jirani. Tumbo lisilotaka kahawa halinusi namna ile.

— Bibi, — akamwita, — nywele zimerefuka. Ingia nikupunguze.

— Leo sina ya kunyolea.

— Nani kakuuliza hela?

Bi Mashuka akanyanyuka, akaingia. Hapo ndipo wasiwasi wa Kinyozi ulipozidi, kwa sababu Bi Mashuka alikuwa mtu wa kulipa. Hata enzi zile saluni ndiyo kwanza imefunguliwa, mkono haujazoea mashine, akamnyoa upande mmoja ukawa mfupi kuliko mwenzake, bibi alilipa na kumwambia, "Umejitahidi." Na huyo ndiye aliyemlea nusu. Mama yake Kinyozi alipokuwa na zamu za usiku wodini, mtoto alilala kwa Bi Mashuka, akafunikwa, akaamshwa, akapelekwa shule uso umepakwa mafuta mpaka unang'aa kama taa.

Akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Watu humwambia kinyozi mambo kwa sababu hawamtazami. Wanajitazama wenyewe kwenye kioo, yeye yuko nyuma.

— Kadi yangu ya benki sinayo, — Bi Mashuka akakiambia kioo.

— Imepotea?

— Ilipo napajua. Iko kwenye droo ya watu.

Ikatoka yote, kidogo kidogo. Upepo wa msimu wa mvua uliopita ulikuwa umeondoka na mabati yake. Akaenda kwenye ofisi moja ya mikopo, ile iliyo juu ya duka la dawa, akakopa. Wakamwambia kwa wastaafu utaratibu ni kuacha kadi na namba ya siri, iwe dhamana. Akaacha. Tangu hapo pensheni ikiingia wanaitoa wao, wanakata chao, kinachobaki mtu wa pikipiki anamletea mlangoni ndani ya bahasha. Mwanzo bahasha ilikuwa nene. Ikaanza kukonda. Mara ya mwisho yule mtu alikuja na maneno matupu: riba, faini, gharama za ufuatiliaji.

— Gharama za ufuatiliaji ndiyo nini?

— Petroli yake anayotumia kuja kunidai.

Kinyozi akazima mashine.

— Sasa bibi, kwa nini hukusema?

— Niseme nini? Kwamba nimezeeka nikadanganywa kama mtoto wa chekechea? Hapo benchini si ndiyo mnaniita mwenye akili? — Akajishika kichwa pale paliponyolewa, kama anahakikisha bado kipo. — Na wewe, Redio, ondoka hapo nyuma ya pazia. Viatu vyako naviona.

Pazia likatikisika.

— Mimi nimekuja kuchaji simu tu, bibi. Sijasikia kitu.

— Umesikia.

— Nimesikia. Lakini simwambii mtu.

Kinyozi alipomaliza kumpangusa shingo na kumtoa nje, kijiwe kizima kilikuwa kinajua, na Wakili alikuwa ameshakunja mikono ya shati.

— Kaa, bibi. Kikao kimeanza. Hoja ya kwanza ni nyepesi kabisa: marehemu hadaiwi. Tunatangaza msiba.

— Msiba wa nani?

— Wako. Kidogo tu, mpaka hawa watu wapoe.

— We kichwa maji kweli, — Shemeji akamkatiza, koleo la makaa mkononi. — Akifa si na pensheni inakatwa? Akishafufuka akaiombe kwa nani?

Wakili akafikiri.

— Basi afe kwa hao wadai tu. Serikalini abaki mzima.

— Nyie hamjaelewa, — Redio akawaka. — Tatizo hapa ni kadi. Kadi ina sumaku, na sumaku mimi ndiyo chakula changu. Nina spika kubwa pale ndani, imeharibika lakini sumaku yake ikishika sufuria hamuitoi. Naibeba begani, napita nayo chini ya dirisha la hiyo ofisi kama mtu anayepita zake. Kadi zote za wazee zilizomo kwenye droo zinafutika. Hawana tena cha kutolea hela.

— Na hela zenyewe? — Kinyozi akauliza. — Hazitafutika?

— Zinabaki. — Redio akasita. — Nadhani zinabaki.

— Mnahangaika bure, — Wakili akarudi ulingoni. — Aolewe. Mke wa mtu hadaiwi moja kwa moja, mdai lazima apitie kwa mume. Redio si hana mke?

— Mimi?

— Wewe unadaiwa na mtaa mzima. Akiongezeka mmoja hutamsikia hata hodi.

Bi Mashuka akamtazama Redio juu mpaka chini, pole pole, kama anayekagua nguo kama imetakata.

— Anakoroma? — akamuuliza Shemeji.

— Bibi, huyu akikoroma mbwa wa mtaa wa pili wanajibu.

— Basi niachieni wadai wangu.

Kicheko kikapasuka, na Bi Mashuka akacheka kuliko wote. Alicheka mpaka akavuta ncha ya mtandio akajipangusa macho. Kisha wengine wakanyamaza, yeye akawa bado anajipangusa. Ikawachukua muda kuelewa kwamba kicheko kilikuwa kimekwisha zamani.

Shemeji akasogea, akamshika goti.

— Wanangu, — Bi Mashuka akasema, — nisikilizeni. Deni ni langu. Mabati nalala chini yake, hayavuji, nashukuru. Sitaki kufa, sitaki kuolewa, na sitaki mtu akamatwe na spika begani. Nataka kulipa. Ila nilipe kwa mkono wangu. Maisha yangu yote mshahara nimeupokea mwenyewe, nimekaa nao kitandani nimeupanga: huu wa sabuni, huu wa kodi, huu wa huyu mtoto wa watu anayelala kwangu. Sasa naletewa bahasha mlangoni kama ninayeomba, na mimi nasema ahsante. Jamani, namshukuru mtu anayenipa hela yangu!

Wakili aliteremsha mikono ya shati. Kinyozi akavua aproni, akaitundika kwenye msumari, akageuza kibao cha mlangoni upande wa "Tumefunga".

— Bibi, vaa viatu vizuri, twende benki.

— Sasa hivi? — Wakili akashangaa. — Bila mkakati?

— Tukaulize tu. Hapa tumebuni vya kutosha.

Wakili akawafuata hata hivyo, akisema haiwezekani bibi aende bila mwakilishi. Mlinzi wa benki akamzuia mlangoni na furushi lake la makava, kwa hiyo uwakilishi wake aliufanyia kibarazani, akitazama ndani kupitia kioo.

Ndani palikuwa na ubaridi wa mashine. Bi Mashuka alikaa kwenye kiti cha plastiki, mkoba mapajani, miguu imebanwa pamoja, kama mtu aliyeitwa ofisini kwa kosa. Zamu yao ilipofika, Kinyozi alianza kueleza, akaona bibi ananyoosha mgongo, akanyamaza, akamwachia mwenyewe. Alieleza vizuri. Sauti ilimkatika mahali pamoja tu, pale kwenye namba ya siri.

Mwanamke wa dirishani alivua miwani.

— Bibi, si wewe peke yako, — alisema kwa sauti ya chini. — Hata wiki haiishi sijampata mwingine. Tunaifunga hiyo kadi sasa hivi na tunakutolea nyingine. Weka kidole hapa nihakikishe ni wewe.

Bi Mashuka akaweka kidole gumba kwenye kile kimashine. Kikawaka taa nyekundu. Akaweka cha shahada. Nyekundu. Mkono wa pili, nyekundu tena. Foleni nyuma yao ikaanza kuguna.

— Mashine haioni alama zako, bibi. Ulikuwa unafanya kazi gani?

— Kufua. Mashuka ya hospitali. Ile sabuni yao ni kali, halafu pasi ya mvuke kutwa.

Yule mwanamke akamgeuza viganja kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini, zinang'aa, hazina mstari. Kazi ilikuwa imezifuta.

— Basi mwanangu, — Bi Mashuka akanong'ona, akairudisha mikono mkobani. — Tusiwacheleweshe watu. Twende nyumbani.

Kinyozi alimwona akipungua palepale, mabega yakiingia ndani ya nguo. Akapiga goti pembeni ya kiti, akaitoa ile mikono tena, akaifunika kwa yake. Ilikuwa ya baridi. Akaipulizia pumzi, akaisugua, kidole kimoja kimoja, kama anavyofanyiwa mtoto aliyechezea maji asubuhi. Mtu mmoja kwenye foleni aliyekuwa akiguna akaacha. Mwingine akampitishia Kinyozi kichupa cha mafuta ya mikono.

— Tujaribu hivi ambavyo hatujavigusa, — akasema mwanamke wa dirishani, na sasa alikuwa amesimama.

Kidole cha pete, nyekundu. Cha kati, nyekundu. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto wakakibonyeza taratibu, wakasubiri wote, na mlinzi naye kanyoosha shingo.

Kijani.

— Hicho! — Bi Mashuka akakitazama kwa mshangao. — Hicho nilikuwa nakiinua juu nikipiga pasi, kisiungue.

Kinyozi akajifanya anasoma tangazo la akiba lililobandikwa ukutani. Alilisoma muda mrefu sana, na mpaka leo hajui lilikuwa linasema nini.

Kutoka hapo wakaelekezwa ofisi ya pensheni, jengo la jirani, ngazi ndefu. Walimkuta ofisa mmoja mnene, mpole, anayehema kila akibadilisha karatasi. Alimsikiliza bibi mpaka mwisho bila kumkatiza.

— Mama, pensheni haiwekwi rehani, — akasema. — Na hakuna mdai mwenye ruhusa ya kukaa na kadi ya mstaafu. Anayekudai aende mahakamani kama watu wengine. Deni lako la halali utalipa, ndiyo, lakini kwa mpango unaokuachia cha kula. Na kwanza watuambie wameshachukua kiasi gani.

Akainua simu, akawapigia palepale. Kinyozi hakusikia maneno ya upande wa pili, ila alisikia sauti. Ilianza juu, ikashuka, ikashuka tena, mwishowe ikawa inasema "ndiyo mzee, ndiyo mzee" kama injini iliyoishiwa mafuta.

Njiani wanarudi, Wakili akajiweka mbele yao.

— Si ndicho nilichosema tangu mwanzo?

— Ulisema nife, — Bi Mashuka akamjibu.

— Niliacha nafasi ya marekebisho.

Pensheni iliyofuata ilipoingia, Bi Mashuka aliitoa mwenyewe. Kinyozi alimsindikiza mpaka kwenye mashine, kisha akasimama mbali, akageuka kutazama barabara kwa heshima ya namba ya siri. Bibi alikaa mle muda mrefu. Alipotoka alimshika Kinyozi mkono, wakatembea. Akanunua sabuni, akanunua mafuta ya kupikia, akabishana na muuza duka kwa raha zake zote. Kisha akaja kijiweni, akalipia kahawa ya benchi zima, na tumbo lake halikuwa na neno.

Walikuwa bado wanakunywa, pikipiki ikasimama mbele yao. Aliyeshuka hakuwa yule wa bahasha. Huyu alikuwa mgeni kabisa, mtu wa makamo, kofia ngumu kwapani, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

— Habari za hapa, jamani. Samahani, namtafuta bibi mmoja mstaafu, alikuwa wa kufulia hospitali. Natokea ofisi ya mikopo. Nyumba yake ni ipi?

— Alihama, — Redio akasema.

— Alifariki, — akasema Wakili, wakati huohuo.

Mgeni akawatazama.

— Alihama au alifariki?

— Alihama kwanza, — Wakili akafafanua. — Akafarikia huko.

— Mimi nilisikia aliolewa, — Shemeji akaongeza, akipuliza makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri tu.

Mgeni akabaki amesimama juani, hajui aanzie wapi. Bi Mashuka akakiweka kikombe chini.

— Ni mimi, baba. Kaa kwanza, umechoka. Hawa hawana ubaya, hawajui kusema uongo tu.

Akakaa. Ikaonekana alikuwa amejiandaa kwa mlango uliofungwa, si kwa kukaribishwa.

— Mama, bosi kanituma. Ile kadi yako haifanyi kazi.

— Najua. Nimeifunga.

— Sasa... sisi tutachukuaje?

— Hamchukui tena. Naleta mwenyewe, kidogo kidogo, mezani kwenu, mnanipa risiti. Ofisi ya pensheni ilishazungumza na bosi wako wakakubaliana. Hakukwambia?

Mtu yule akazungusha kofia mikononi.

— Aliniambia. Akasema nijaribu tu kwanza, huenda wewe ukawa hujui.

Mashine ya Kinyozi ilikuwa inanguruma mkononi mwake na yeye hakuisikia. Alikuwa ametoka nje nayo, na mteja wake amemfuata, kichwa nusu kimenyolewa, kitambaa shingoni. Wakili alikuwa amesimama. Redio alikuwa amesimama, bisibisi mkononi. Hakuna aliyemwambia mwenzake asimame.

— Mimi najua, — Bi Mashuka akamwambia yule mtu, bila ukali. — Kamwambie bosi wako kwamba ninajua.

— Nitamwambia. Unisamehe, mama. Kazi hii ndiyo kwanza nimeianza, nami nina watoto.

— Shemeji, mpe kahawa.

Akapewa. Akanywa akiwa ameinamia kikombe, na aibu ikimtoka pole pole pamoja na jasho. Alipomaliza alikirudisha, akashukuru, akanyanyuka kwenda zake. Kisha akageuka, akawatazama tena: mwenye bisibisi, mwenye mashine, mwenye koleo la makaa, na yule wa nusu kichwa.

— Nimeshapita kwa wazee wengi, — akasema. — Kawaida mlangoni tunakuwa wawili tu, mzee na mimi. Nauliza tu kwa nia njema: nyinyi ni nani wake?

Wakili akapanga upya makava yake. Redio akaanza kukagua ncha ya bisibisi yake. Shemeji akapangusa kikombe ambacho kilikuwa kikavu. Kinyozi akatafuta neno. Mtoto wake? Hakumzaa. Mjukuu? Hapana. Mteja? Mteja alikuwa bibi, si yeye. Jirani ilikuwa kweli, ila ilikuwa ndogo, inabana kama shati la utotoni. Akamgeukia Bi Mashuka awatoe kwenye shida hiyo.

Bi Mashuka hakuwasaidia. Alikuwa ameegemea ukuta wake wenye joto, mkoba mapajani, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, kama mtu ambaye naye angependa sana kusikia jibu.